Kahawa Moja Tu, Chifu

"Sikiliza!" Manousos aliketi ghafla kitandani.

"Nisikilize nini? Mbona kimya?"

"Ndicho hicho. Kimya!"

Stamata alifumbua macho vizuri. Jua la alasiri lilikuwa limejaa kwenye kidirisha cha duara, na kijana wa watu alishavaa kiatu kimoja, anapapasa chini ya kitanda kutafuta cha pili.

"Ile mota ndogo imesimama. Shafti haizunguki."

"Si uende ukaiwashe?"

"Nitaiwasha! Lakini imesimama tangu lini, Stamata? Tumelala! Unaelewa? Tumepitiwa na usingizi!"

Meli ilikuwa imefunga gati Katakolo tangu asubuhi. Abiria walikuwa wamepandishwa mabasi kwenda kutembea kwenye magofu, na mabaharia, kama Wagiriki wote wenye akili zao, walikuwa wamelala usingizi wa mchana. Mtu mmoja tu hakuruhusiwa kulala, injinia wa pili, aliyeachwa kulinda mitambo ya mvuke mpaka saa ya kuondoka. Na injinia wa pili ndiye huyu aliyekuwa akitafuta kiatu kwenye kabini ya msusi wa meli, ambaye naye ni binti wa injinia mkuu. Mnaona wenyewe moto ulipowakia.

Tena hakuja kwa tamaa zake. Aliitwa. Ujumbe bado ulikuwa kwenye simu yake: "Njoo upesi, tumbo linanikata, nakufa." Tumbo lenyewe halikuwa na lolote. Stamata alikuwa amechoka tu kumsubiri mwanaume ambaye kila ukimtafuta yuko chini, anasikiliza mashine inavyopumua. Alitaka ajue, kati yake na lile lichuma, nani anapendwa zaidi.

"Na tumbo?" Manousos aliuliza akiwa mlangoni.

"Limeacha."

Akamtazama, akaelewa. Muda wa kugombana haukuwapo.

"Subiri! Baba akikuuliza utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba ulikuwa umelala kwa binti yake? Mtu aliyeapa mbele ya Bikira Maria kwamba hakuna mtu wa mvuke atakayemuoa binti yake? Atakufukuza leo leo, na mimi atanirudisha kwa mama kama kifurushi. Si tulikubaliana tutamwambia tarehe kumi na tano Agosti, siku ya jina la mama, kwa heshima zote?"

"Stamata, hili si jambo la kudanganya."

"Sema imesimama kidogo. Muda wa kahawa moja. Kahawa moja tu, Manousos, kwa ajili yangu."

Akaondoka mbio.

Hiyo meli mabaharia waliiita Bibi, na ilistahili. Ilizaliwa Italia, ikapewa jina la kike la kifahari, ikawa inavusha matajiri kwenda Amerika Kusini mpaka ndege zilipoinyang'anya matajiri wake. Wagiriki wakainunua, wakaiita Evanthia, wakaijaza watu waliokimbia umaskini kwenda Australia. Ndege zikawachukua na hao. Ndipo wakaziba tundu la mizigo, wakaweka bwawa la kuogelea juu yake, wakaipaka rangi nyeupe, na Bibi akawa anatembeza watalii visiwani kwa muziki na chakula kisichokwisha. Kila mara walimvika nguo mpya, lakini moyo ulikuwa ule ule wa mvuke.

Chifu Pantelis, ndiye injinia mkuu, alipanda humo akiwa kijana wa kupaka mafuta, asishuke tena. Mabinti zake watano walizaliwa yeye akiwa majini. Wa mwisho akaitwa Stamata, yaani "simama", maana kwao wasichana wakizidi kuja, mmoja hupewa jina hilo ili wengine wakomee hapo. Sarantis, aliyepaka mitambo mafuta kule chini, alikuwa na utani wake kila msusi akipita: "Huyu msimsogeze karibu na mashine jamani, jina lake baya!"

Watu walikuwa wakicheka.

Stamata alishindwa kukaa kabini. Alijifunga kilemba, akashuka ngazi za chuma mpaka kwenye jukwaa la juu la chumba cha mitambo. Chini aliwaona wawili, baba yake akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka nchi kavu na mfuko wa tini mkononi, na Manousos akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Imesimama muda gani?" Chifu aliuliza.

"Muda wa kahawa moja, Chifu."

"Kahawa ya kunywa au kahawa ya kupigia soga?"

"Ya kunywa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya boila. Kuna valvu ilikuwa inavuja, sikusikia mota ikizima."

"Wewe? Wewe unayesikia nzi akipiga chafya? Na Sarantis yuko wapi?"

"Nilimruhusu akanunue sigara."

Chifu aliweka tini zake chini polepole.

"Unajua kwa nini nakuuliza, mwanangu?"

"Najua."

"Sema nisikie."

"Shafti ikisimama ikiwa ya moto, inapinda. Ikisimama kidogo, tunaizungusha kidogo inanyooka. Ikisimama sana, tunaizungusha mpaka kesho ndipo tunaipa mvuke."

"Na ukiipa mvuke imepinda?"

"Inajila yenyewe, Chifu."

"Haya. Kukaa hapa mpaka kesho si aibu. Nitampigia nahodha, atalalamika, abiria watapewa mvinyo wa bure, basi. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, siyo kama Chifu, kama mzazi. Muda gani?"

Manousos aliinua macho. Macho yake yakakutana na ya Stamata kule juu. Mzee akageuka kufuata macho hayo.

"Binti, umefuata nini kwenye joto hili?"

"Nimekuletea maji, Baba."

"Yako wapi?"

Stamata alitazama mikono yake mitupu.

"Nimeyasahau."

"Jua la leo limewachanganya wote," Chifu alisema akicheka. Kisha akamgeukia tena Manousos. "Ehe?"

"Kahawa moja, Chifu."

Hapo ndipo Stamata alipotakiwa kufungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, hata kukohoa kungetosha, maana mzee yule alikuwa anatafuta sababu ya kusubiri. Lakini Stamata aliogopa. Aliona aibu yake mwenyewe kuwa kubwa kuliko meli nzima, akanyamaza. Baba akainua simu ya ukutani, akamwambia nahodha wataondoka kwa saa yao, na baada ya shafti kuzungushwa kidogo, kwa kipimo cha kahawa moja, akafungua mvuke kwa mkono wake mwenyewe. Stamata alimwona.

Walikuwa hawajaipoteza hata minara ya Katakolo. Stamata alikuwa anamtengeneza nywele bibi mmoja wa Kijerumani, mara mkasi ukaanza kutembea peke yake mezani.

"Ni bahari?" yule bibi aliuliza.

Bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Vioo vikaanza kulia, chupa zikadondoka, kisha ukatoka chini ya meli mlio wa chuma kikisaga chuma, mlio ambao Stamata aliuhisi kwenye meno. Taa zikazimika na meli ikasimama. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu kwa hilo. Tagi mbili, boti za kuvutia meli, zikaja, zikamvuta Bibi mpaka Perama, mtaa wa karakana za meli karibu na Pireas, ambako nusu ya mabaharia wake wana nyumba.

Walipofungua mtambo, wakubwa wa ofisi walichungulia mara moja tu.

"Vipuri vya kitu hiki viliacha kutengenezwa zamani. Atauzwa chuma chakavu, India. Nani alifungua mvuke?"

"Mimi," Chifu alisema.

"Kwa taarifa ya nani?"

"Nimeshasema ni mimi. Mnataka jina la pili la kazi gani?"

Kwa wakubwa alimficha. Lakini nje, kwenye korido, alimsimamisha Manousos, na Stamata alikuwa hatua chache tu nyuma yao, amebeba sanduku la mashine zake za nywele.

"Shafti haidanganyi, kijana. Ile ilisimama muda wa mtu kulala na kuota. Ulikuwa wapi?"

Manousos alihamisha begi lake bega hili hadi lile.

"Nimekufundisha kazi hii nikikushika mkono. Nilikuwa najiambia, sina mtoto wa kiume, Mungu kanipa huyu. Kitu gani kilikuwa na thamani mpaka ukanidanganya?"

Manousos alitikisa kichwa tu.

"Basi tukikutana njiani, pita upande wako."

Mzee akaenda zake. Stamata alimshika Manousos mkono.

"Namfuata. Namwambia sasa hivi."

"Ukamwambie nini? Amepoteza meli leo. Leo hii apoteze na binti?"

"Lakini wewe..."

"Mimi mdomo ulikuwa wangu. Acha."

Akaacha. Na niwaambie, aliacha kwa urahisi mno, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna. Ndani yake kulikuwa na kauoga ambako kaliposikia neno "acha" kakashusha pumzi.

Perama haina siri ya kukaa zaidi ya siku mbili. Habari kwamba injinia wa pili alimdanganya Chifu ikazagaa mpaka kwa wauza samaki. Watu walikuwa wamepoteza msimu mzima wa kazi, wakapata mtu wa kumtupia matusi. Manousos akipita mkahawani, kuna mtu ataagiza kwa sauti: "Kahawa moja hapa! Lakini ile ndefu, ya injinia!"

Nyumbani nako kulikuwa kugumu. Chifu Pantelis akiamka usingizi wa mchana alikuwa anaweka kiganja ukutani, kama alivyozoea kuweka kwenye kuta za meli kusikia mitambo.

"Pantelis," mkewe, Mama Marigo, alimwambia, "huo ukuta wa jikoni. Hauna mashine."

"Najua."

"Basi ondoa mkono, uje ule chakula."

"Kosa ni langu, Marigo. Niliona kabisa yule mtoto hayuko sawa. Zamani ningeweka sikio kwenye mtambo nikajua. Nimezeeka. Kesho nakwenda kupima masikio."

"Masikio yako mazima!" Stamata alijikuta amepaza sauti.

"Wewe umejuaje?"

"Nahisi tu, Baba."

Kweli akaenda kupima. Walipomwita akawafundishe vijana chuoni mambo ya mvuke, akawajibu kwamba mtu asiyeweza kusikia mtambo wake hana la kumfundisha mwenzake. Stamata alisikia jibu hilo akiwa anaosha vyombo, akajiona mdogo kama tone la sabuni.

Alimpigia Manousos.

"Anajilaumu yeye. Anasema amezeeka. Siwezi tena."

"Stamata, sikiliza. Nimepata meli ya mizigo. Ya dizeli. Naondoka tarehe kumi na sita."

"Unarudi lini?"

Manousos akaanza kueleza habari za mkataba.

"Manousos, nimekuuliza unarudi lini."

"Sijui kama nina pa kurudi. Kila nikikutazama namwona baba yako anafungua ule mvuke. Wewe humwoni?"

"Namwona kila siku. Ananipitishia mkate mezani."

Baadaye ukaja ujumbe: "Nitapita tarehe 15 kumtakia mama yako heri. Usiseme kitu. Nimezama mimi, inatosha."

Tarehe kumi na tano Agosti ni siku ya Bikira, na kila Maria na kila Marigo anasherehekea jina lake. Siku hiyo hakuna mwaliko. Mlango unaachwa wazi, anayekuja na heri yake anaingia, anapewa kitamu cha kijiko, yaani matunda yaliyopikwa kwa sukari, maji na kahawa, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfukuza hata kama ni mwizi wa kuku wake. Sebule ya Chifu ilijaa. Alikuwepo Nahodha Iakovos, alikuwepo Despo aliyekuwa mkubwa wa dobi la meli, alikuwepo Sarantis na sigara zake.

"Chifu, tusimulie ile ya picha!" Sarantis aliomba. Ilikuwa kawaida ya kila mwaka.

"Mwaka huu sina sauti."

"Basi nasimulia mimi," Despo akadakia. "Marigo alipanda Bibi na picha ya mchumba wake wa Melbourne kifuani. Mabibi harusi walikuwa wengi mle, kila mmoja na picha yake! Huyu Chifu, wakati huo kijana amejaa mafuta mpaka kwenye nyusi, akaja kurekebisha bomba la kabini yao. Bomba likaharibika tena kesho yake. Na kesho yake! Kufika Fremantle, bandari ya kwanza ya Australia, picha iko baharini."

"Bomba lenyewe lilikuwa zima," Mama Marigo alisema, na watu wakacheka, isipokuwa mumewe.

Nahodha Iakovos aliona hali hiyo, akaegemea kwake.

"Pantelis, usijiue. Sheria mpya za moto zingemtoa tu baharini mwakani. Mbao zote zile za Kiitaliano ukutani, nani angegharamia kuzing'oa? Bibi alikuwa ameshaanza safari ya kufa."

"Iakovos, mgonjwa kufa kesho si ruhusa ya kumziba pua leo."

Hapo hapo Manousos akaingia, boksi la keki mkononi, shati limepigwa pasi.

"Heri ya jina, Mama Marigo. Uishi miaka mingi."

"Asante, mwanangu. Karibu," mama alisema, maana desturi ni desturi. Chifu aligeuza uso dirishani.

Manousos alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hakuna aliyesogea kumpisha. Stamata akatoka jikoni na sinia, kama binti wa nyumba anavyopaswa, na Sarantis hakuweza kujizuia.

"Binti, huyu mpe kahawa moja tu. Ila muulize kwanza ni ya kunywa au ya kulalia! Mwenzetu akinywa kahawa, watu wanakosa kazi!"

Watu wawili watatu walicheka. Manousos aliinamisha kichwa, akapokea kikombe, akasema, "Asante." Ni lile "asante" lililomvunja Stamata. Aligeuka na sinia lake.

"Sarantis, nyamaza."

"Kha! Na wewe unamtetea?"

"Alikuwa kwangu."

"Umesemaje?" Mama Marigo aliuliza.

"Alikuwa kwangu, kabini kwangu. Mimi nilimwita. Nilimwandikia kwamba naumwa, na sikuwa naumwa, nilikuwa na wivu. Tukapitiwa na usingizi. Na ile kahawa moja hakuitunga yeye, Baba. Niliitunga mimi, nikamlisha mdomoni."

"Chifu," Manousos alisimama, "aliyesema ni mimi."

"Wewe kaa." Mzee hakumtazama hata. Alikuwa anamtazama binti yake kana kwamba wametambulishwa sasa hivi. "Mnapendana?"

"Ndiyo, Baba."

"Mkaogopa kiapo changu."

"Ndiyo."

"Hilo nalimeza. Kiapo nitakipeleka kwa padri, atajua cha kukifanya. Mimi mwenyewe kuna mtu nilimwacha gatini Melbourne ameshika maua. Siyo hilo." Akavuta pumzi. "Ulikuwa pale juu kwenye ngazi."

"Nilikuwepo."

"Ulinisikia nikimuuliza."

"Nilisikia, Baba."

"Nikamuuliza tena. Nikamuuliza kama mzazi. Ukaniona nafungua mvuke, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nimekwenda kupima masikio, Stamata. Nimekaa kwenye kiti cha daktari, naambiwa inua mkono ukisikia mlio. Nimekaa pale nainua mkono kama mtoto wa shule. Na wewe uliniandalia chai nikarudi ukaniuliza, daktari amesemaje?"

Stamata alipiga magoti, sinia bado liko mkononi.

"Nisamehe, Baba."

"Usianze na mimi. Mimi nimebaki na mke na nyumba. Despo amebaki na nini? Sarantis huyu anayemcheka mwenzake, amebaki na nini? Anza na hao. Wote waliokuwa wakila kwa Bibi, mlango kwa mlango, kwa miguu yako, bila huyu kukushika mkono. Ukimaliza, ndipo uje kwangu."

Alinyanyuka, akaenda chumbani. Manousos naye alimnong'oneza Stamata mlangoni:

"Ile meli ya dizeli ipate mtu mwingine. Mimi nakusubiri hapa."

Wagiriki wana desturi, mtu akitaka kupokea sakramenti huwaomba msamaha aliowakosea, na jibu ni moja: "Mungu akusamehe." Stamata alidhani jibu hilo atalipata kirahisi. Despo alilitoa palepale sebuleni, lakini kwa midomo mikavu, kisha akachukua mkoba wake akaondoka bila kumaliza kitamu chake. Mwoka mikate wa meli alilitoa, ila mkewe akatokea nyuma yake na ndoo.

"Msamaha? Mwanangu ameacha chuo, wewe unakuja na msamaha? Toka nisikumwagie!"

Kijana mmoja wa baa alicheka, akamwambia alikuwa anatafuta kisingizio cha kuacha bahari siku nyingi. Kuna aliyefungua mlango, akamsikiliza mpaka mwisho, akaufunga polepole bila neno, na huyo ndiye aliyemuumiza kuliko wote. Stamata alikuwa hajawahi kujua meli moja inalisha nyumba ngapi. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yake yalikuja mapema na ukoo mzima.

"Umefika wapi?" Manousos alimpigia jioni moja.

"Nimetoka kwa Sarantis."

"Amesemaje?"

"Amelia. Nilidhani atanitukana. Anasema laiti asingekwenda kununua sigara."

"Nije nikuchukue?"

"Hapana. Baba alisema peke yangu."

Septemba tagi ilikuja kumchukua Bibi. Perama nzima ilisimama kwenye madirisha na mapaa kumwangalia akivutwa, mweupe, mtupu, hana moshi. Chifu Pantelis hakwenda. Alikaa jikoni anamenya viazi, akamenya vingi kuliko walivyoweza kula, na Stamata akakaa upande wa pili wa meza anavikata. Honi za karakana zote zilipolia kumuaga, mzee aliweka kisu chini, akasubiri zinyamaze, akakichukua tena.

Padri alikishughulikia kile kiapo, harusi ikapangwa Oktoba. Siku yenyewe mama na dada zake wanne walitangulia kanisani na kelele zao zote, nyumba ikabaki na watu wawili. Stamata, ndani ya gauni jeupe, alimkuta baba yake mbele ya kioo cha koridoni anahangaika na tai.

"Baba."

"Mmh."

"Nimewamaliza. Wa mwisho alikuwa Nahodha Iakovos, juzi."

"Nimesikia."

"Sasa nimebaki na wewe. Nisamehe, Baba."

Mzee aliendelea na tai mpaka fundo likakaa. Ndipo akageuka.

"Mungu akusamehe."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Machozi yalimshuka Stamata. Alikuwa amepita milango yote ile akiamini kwamba mwisho wake kuna mlango huu, na kwamba huu utafunguka.

"Basi tusiende? Nimwambie Manousos tuahirishe, mpaka..."

"Mpaka lini? Utaolewa na mvi." Mzee alitoa leso, akamfuta chini ya macho, kwa mkono mzito uliozoea chuma, akaharibu rangi zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Ninaweza kukwambia nimekusamehe, ukafurahi, tukaenda. Lakini sijamaliza. Nikisema nimemaliza nitakuwa nakudanganya, na katika nyumba hii tumeshadanganyana vya kutosha. Nikimaliza nitakwambia. Hutahitaji kuniuliza."

"Na usipomaliza?"

"Basi utanizika ukiwa unajua nilikuwa najaribu."

Alimpa mkono. Stamata aliushika, akahisi mzee anambana kwa nguvu hadi vidole vinauma, na hakuulegeza njia nzima, kuteremka kilima chote, majirani wakiwatupia mchele na heri kutoka vibarazani. Wengine hawakutupa kitu, waliwatazama tu. Mlangoni mwa kanisa Manousos alikuwa anasubiri na shada, amepauka kama mgonjwa. Chifu alimbusu binti yake kwenye paji la uso, akamkabidhi, akaingia ndani akasimama mstari wa mbele karibu na mkewe.

Picha za siku hiyo zipo mpaka leo, nyumbani kwa Stamata. Baba yake hatabasamu kwenye hata moja, lakini yumo kwenye zote.